Vikokotoo vya bajeti na kustaafu vya mtandaoni: sisi wa Lindi na Mtwara tuvipime kwa kigezo gani?

Muuguzi_Nachingwea:

Ndugu zangu, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Mimi ni muuguzi katika halmashauri, nina umri wa miaka 45, niliajiriwa mwaka 2010, na nikijaliwa uhai nitastaafu kwa lazima mwaka 2040 nikitimiza miaka 60. Mume wangu hana ajira ya mshahara. Tuna shamba la mikorosho ambalo ndilo limekuwa likilipa ada za watoto, wakati mshahara wangu umekuwa wa kula, kodi ya nyumba na marejesho ya mikopo.

Tangu mwaka huu uanze nimekuwa nikijaribu programu na tovuti za kupanga matumizi na kukadiria maisha ya baada ya kazi, na nilichokiona kimenichanganya kuliko kunisaidia. Tovuti moja ya Kimarekani imeniambia kwamba nitahitaji asilimia 80 ya mshahara wangu wa mwisho, ikanihesabia mafao ya serikali ya Marekani ambayo mimi simo, kisha ikanipangia kustaafu nikiwa na miaka 67. Nyingine, iliyoandikwa kwa Kiswahili, haikuuliza umri wangu kabisa, bali ilitaka ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi na majina yote yaliyomo kwenye simu kabla hata sijaufikia ukurasa wa bajeti. Ya tatu ina michoro mizuri, lakini nilipoingiza fedha za korosho za msimu uliopita ilinionyesha kwamba mwezi Novemba tulikuwa matajiri na mwezi Juni tulikuwa mufilisi, jambo ambalo kila anayekaa huku anajua kwamba si habari.

Sitafuti kuambiwa jina la programu ya kupakua. Ninachotaka ni namna ya kukipima chombo chochote nitakachokutana nacho, nijue kama hesabu yake ninaweza kuitegemea au ni mapambo tu.

Mhasibu_Mstaafu_Ligula:

Binti yangu, umeuliza vizuri, kwa sababu wengi huulizia jina la programu wakati matatizo yako kwenye makadirio yaliyofichwa ndani yake. Kabla ya kukiamini chombo chochote, kiulize swali ambalo jibu lake unalijua. Kiambie kwamba unaweka shilingi 100,000 kila mwezi kwa miaka kumi bila faida yoyote. Kikikupa jibu tofauti na 12,000,000, kifute siku hiyohiyo. Kisha weka faida ya asilimia 10 kwa mwaka. Chombo kinachoongeza faida kila mwezi kitakupa takribani 20,484,000, na kile kinachoichukulia asilimia 10 kuwa ndiyo jumla ya faida ya mwaka mzima kitakupa pungufu kidogo ya milioni 20. Majibu yote mawili yanakubalika, mradi chombo kiseme wazi kimetumia njia ipi.

Sasa ongeza mfumuko wa bei wa asilimia 4 kwa mwaka. Zile milioni 20 na nusu zinabaki na nguvu ya kununua ya takribani 13,840,000 kwa shilingi za leo. Hapa ndipo vyombo vingi vinapompotosha mtu bila kumwambia uongo wowote: vinaandika kwa herufi nene kiasi kikubwa cha miaka ijayo, naye anakilinganisha na bei ya sembe ya leo asubuhi. Chombo kinachofaa kinakuonyesha viwango vyote viwili, na kinakuachia ubadilishe mwenyewe asilimia ya faida, asilimia ya mfumuko na umri wa kustaafu. Kisichokuachia kubadilisha umri wa miaka 67 kimeshajitoa chenyewe kwenye orodha yako.

Jaribio la pili ni kikokotoo chetu wenyewe. Kwa mtumishi wa umma aliye chini ya PSSSF, mfuko ulioanza mwaka 2018 baada ya kuunganishwa mifuko ya pensheni ya zamani ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, unachukua idadi ya miezi uliyochangia, unaigawanya kwa 580, kisha unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake inazidishwa kwa 12.5 ili uipate kwa mkupuo, yaani yote mara moja siku ya kustaafu, na sehemu inayobaki inagawanywa kwa 12 iwe pensheni ya kila mwezi. Sehemu ya mkupuo iliwekwa kuwa asilimia 33 kuanzia Julai 2022, halafu bajeti ya mwaka 2024/25 ikaipandisha hadi asilimia 40 kwa kundi ambalo zamani lilikuwa likipata asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa wakipata asilimia 25. Mnaokumbuka kelele za Desemba 2018, Rais Magufuli aliposimamisha kanuni mpya za wakati ule, mnajua kwamba jambo hili hubadilika, kwa hiyo kikokotoo chochote kilichoandikwa na mtu binafsi bila kutaja kinatumia kanuni ya mwaka gani, msikitegemee.

Tuchukue miezi 360, ambayo ndiyo miaka yako thelathini, na wastani wa mshahara wa 1,000,000 kwa mwezi ili hesabu iwe nyepesi. Pensheni kamili ni takribani 7,448,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 40 unapata mkupuo wa takribani 37,241,000 na pensheni ya takribani 372,400 kila mwezi. Chombo cha kigeni kinaweza kukufaa hata kama hakijawahi kusikia habari za PSSSF, ila lazima kiwe na nafasi ya kuandika mambo hayo mawili kwa pamoja: kiasi utakachoanza nacho siku ya kustaafu, na kipato kingine kitakachoendelea kila mwezi. Ile sehemu ya mafao ya serikali ya Marekani iweke sifuri.

Kuhusu asilimia 80, hicho ni kiwango kilichozoeleka huko kwao, nacho kimejengwa juu ya maisha ya huko. Vivyo hivyo utakutana na kanuni ya asilimia 4. Ilitokana na kazi ya mwaka 1994 ya William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, ambaye alipitia historia ya hisa na hati fungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba) za Marekani akaona kwamba mstaafu anayetoa asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akawa anakiongeza kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, angeweza kuishi miaka 30 bila kuishiwa. Haikupimwa kwa shilingi wala kwa soko letu, kwa hiyo mimi huitumia kama breki tu. Asilimia 4 ya mkupuo wako wa mfano ni kama 124,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na pensheni unafika takribani 496,500, yaani nusu ya mshahara. Umeshalijua pengo. Chombo kinachofaa ni kile kitakachokuonyesha pengo hilo linazibwa na nini, na shamba la mikorosho linaingia hapo, ingawa juu ya shamba nawaachia wenyewe waseme.

Mkorosho_Tandahimba:

Mzee Mhasibu, shikamoo. Dada Muuguzi, habari za huko Nachingwea.

Programu yako ya tatu haina kosa la hesabu; tatizo lake ni kwamba inaamini kila mtu anapokea fedha mwisho wa mwezi. Mwaka wa korosho hauanzi Januari. Unaanza Oktoba, minada inapofunguliwa, na fedha huingia kwa vipindi mpaka Januari hivi, kisha kunakuwa na ukimya mrefu wa matumizi pasipo mapato: palizi, kusafisha shamba, na kuanzia Mei au Juni kupuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuangalia katika programu ya bajeti ni kama inakuruhusu kuanzisha mwaka mwezi unaoutaka wewe, au walau kutengeneza mafungu ya mwaka mzima badala ya mafungu ya mwezi. Goodbudget, ambayo hufanya kazi kwa mtindo wa bahasha, inayo nafasi ya bahasha za mwaka. Mimi fedha za mnada zikiingia nazigawa siku hiyohiyo kwenye bahasha za salfa, palizi, ada ya Januari na chakula cha miezi ya mwisho kabla ya msimu mpya, na kinachobaki ndicho ninachokiita changu.

La pili, usiingize bei ya mnada. Bei ya mnada husikika redioni na inafurahisha, lakini ile karatasi ya malipo ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ina safu ya kilo, safu ya daraja, kisha mlolongo wa makato ya ushuru, chama cha msingi, chama kikuu, usafirishaji na mengine. Tunauza kwa stakabadhi ghalani, yaani korosho huwekwa ghalani kisha huuzwa mnadani, tangu mwaka 2007, na bado nawaona vijana wanapiga bajeti kwa kuzidisha kilo kwa bei waliyoisikia redioni. Kiingizwe kiasi kilichosoma kwenye akaunti ya benki, basi. Na kwa makadirio ya msimu ujao, mimi siweki wastani bali naweka msimu mbaya kuliko yote ninayoikumbuka, kwa sababu mvua ikinyesha wakati wa maua hakuna programu itakayonirudishia.

La tatu ndilo nililotaka kulisema zaidi, kwa kuwa Mzee Mhasibu ametuachia. Vikokotoo vya kustaafu vinaposikia neno shamba, vinaliingiza kama kipato kisicho na gharama, mithili ya nyumba ya kupangisha. Leo mnapalilia wenyewe pamoja na watoto, na mumeo ndiye anayebeba pampu. Mkiwa na miaka 65, palizi italipiwa, kupuliza kutalipiwa, kuokota kutalipiwa. Shika msimu mmoja wa karibuni, ondoa gharama zote kana kwamba kila kazi ilifanywa na kibarua, na hicho kilichobaki ndicho ukiandike kwenye ile nafasi ya kipato kingine. Kitakuwa kidogo kuliko ulivyodhani, lakini kitakuwa cha kweli.

Mwisho, kipimo changu cha bajeti ya mkulima ni kimoja: imekufikisha Septemba bila kumwendea mtu wa kangomba, yule mnunuzi wa magendo anayelipa kabla ya mavuno? Anayeuza korosho zake zikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa amelipa riba kubwa kuliko ya mkopo wowote, ila hakuna programu inayoionyesha riba hiyo kwa sababu haikuandikwa popote.

Fundi_Simu_Kilwa:

Naomba niongeze upande wa programu zenyewe, kwa kuwa wakubwa wamemaliza upande wa hesabu.

Programu ya Kiswahili iliyokuomba ujumbe mfupi na majina ya simu, dada yangu, uwezekano mkubwa ni programu ya mikopo iliyovaa joho la bajeti. Programu ya bajeti inaweza kuwa na sababu ya kusoma ujumbe wa miamala ya M-Pesa au Airtel Money ili ikuandikie matumizi yenyewe, lakini haina sababu yoyote ya kutaka majina ya ndugu zako. Majina hayo hutumiwa na wakopeshaji wa mtandaoni kumdhalilisha mtu anapochelewa kulipa. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na tangu mwaka 2023 Google imezikataza programu za mikopo binafsi kuchukua majina na picha za mtumiaji. Vilevile tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na Tume yake, kwa hiyo programu isiyokuwa na maelezo ya faragha, au yenye maelezo yasiyotaja kampuni iko wapi, iachwe bila mjadala.

Jambo la pili ni uwezo wa kutoka. Mint, iliyokuwa programu ya bajeti yenye jina kubwa kabisa huko Marekani, ilifungwa Machi 2024, na watumiaji wake wakaelekezwa Credit Karma, kampuni nyingine ya mmiliki huyohuyo. Likiwezekana kwa Mint, linawezekana kwa yoyote. Kabla hujaweka kumbukumbu za miaka, jaribu siku ya kwanza kuzitoa zote kama jedwali linalofunguka kwenye Excel. Ikishindikana, tafuta nyingine.

Bei nayo isisahauliwe. YNAB, programu nyingine ya bajeti ya Marekani, inasifiwa sana, na falsafa yake ya kugawa fedha uliyonayo mkononi tu, si unayoitarajia, inamfaa mkulima wa korosho kuliko wengi wanavyofikiri. Lakini ada yake ni dola 109 kwa mwaka, zaidi ya laki mbili na nusu kwa fedha zetu, na sehemu kubwa ya thamani hiyo ni kuunganishwa moja kwa moja na benki za Marekani, Kanada, Uingereza na baadhi ya nchi za Ulaya, huduma ambayo akaunti yako ya Nachingwea haitaipata. Utakuwa unalipia mlango usioufungua.

Angalia pia kama programu inafanya kazi bila mtandao. Huku kwetu mtandao ukikatika na programu ikakataa kufunguka, matumizi ya siku hiyo hayaandikwi, na yasipoandikwa siku hiyo hayaandikwi tena.

Mama_Vikoba_Mikindani:

Nawasoma kwa makini, ila mimi bado ni mtu wa daftari. Kikundi chetu kina hisa, kina mfuko wa jamii, kina mikopo ya wanachama, na kila Desemba tunavunja na kugawana. Programu mbili nilizoonyeshwa na binti yangu hazikuwa na mahali pa kuandika hisa za kikoba. Moja ilizihesabu kama matumizi, kana kwamba nimezila, na fedha za mgawo ikazihesabu kama mshahara. Kwa matumizi ya kila siku sioni daftari linapungukiwa na nini. Kwa hesabu za miaka kumi na tano nakubali kwamba daftari halitoshi, na hapo ndipo ningeomba Mzee Mhasibu atuambie kama hizi hesabu zake mtu anaweza kuzifanya mwenyewe bila programu.

Muuguzi_Nachingwea:

Nashukuru sana, kaka zangu, Mama na Mzee wangu. Nimeifuta ile ya Kiswahili tayari.

Nina swali moja lililobaki, sambamba na la Mama wa Mikindani. Kuna mwenzangu kazini anashikilia kwamba kupandishwa kwa mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kumetuumiza, kwa sababu pensheni ya kila mwezi imeshuka. Wengine wanashangilia. Najua kwamba si jambo la mimi kuchagua, lakini nataka nijue chombo kinisaidieje kuliona, ili siku mkupuo utakapoingia nisiwe naufikiria kama zawadi.

Mhasibu_Mstaafu_Ligula:

Marahaba, Mkorosho. Mama wa Mikindani, hesabu zote nilizotoa zinafanyika kwenye Excel au kwenye Google Sheets, ambayo haina malipo. Kwa ile akiba ya kila mwezi andika =FV(0.1/12,120,-100000) kwenye kisanduku, nawe utaiona ile 20,484,000 na ushei. Hisa za kikoba zipe safu yake peke yake pembeni ya akaunti ya benki, kwa kuwa ni akiba iliyohamishwa mahali, haijatumika.

Binti yangu, tuirudie hesabu ileile ya mfano. Kwa asilimia 33 ungepata mkupuo wa takribani 30,724,000 na pensheni ya 415,900 kwa mwezi; kwa asilimia 40 unapata 37,241,000 na 372,400. Umeongezewa takribani 6,517,000 mkononi, na umepunguziwa takribani 43,450 kila mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, utapata miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, na ndiyo ile 12.5 iliyomo kwenye kikokotoo. Kama nyongeza hiyo utaiweka chini ya godoro na kutoa 43,450 kila mwezi, itakwisha ukiwa na miaka 72 na nusu, na baada ya hapo mwenzako wa kazini atakuwa amesema kweli.

Ila ukiiwekeza kwa asilimia 8 kwa mwaka, faida peke yake inakurudishia 43,450 kila mwezi na mtaji unabaki palepale. Ukikubali kuula mtaji kidogo kidogo kwa miaka ishirini, asilimia 5 hivi inatosha kukulinganisha. Kwa hiyo swali la kukiuliza chombo si kama asilimia 40 ni nzuri au mbaya, bali ni kama mahali utakapoziweka fedha hizo panalipa zaidi ya asilimia 8 baada ya ada na makato yote. Andika 8 kwenye kisanduku cha faida uone, halafu andika 5, halafu andika sifuri, kwa kuwa sifuri ndiyo faida ya mkupuo ulioingia kwenye nyumba isiyoisha.

Ukiamua kuangalia hati fungani za serikali, zinazoanzia miaka 2 hadi 25 na ambazo mtu wa kawaida anaweza kuanza nazo kwa shilingi 1,000,000, au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, soma kiwango kilichopo wakati huo, usitumie cha mwaka huu kwa mwaka 2040. Tena hati fungani hulipa riba mara mbili kwa mwaka, si kila mwezi, kwa hiyo kwenye bajeti ya uzeeni zifanyie kama Mkorosho anavyofanya kwenye bahasha zake: chagua kama unaweza zile ambazo malipo yake yanaangukia mwezi wa palizi au wa salfa, na uyaandike kwenye miezi hiyo miwili tu, usiyasambaze kwenye kumi na miwili.